Ile ya Kulia

Mimi mafundi siwaamini, na nasema mapema ili mtu asije akadhani nimekaa hapa kumsifia mtu. Katika Kampala hii ukimwachia fundi gari ukaenda zako nyumbani, ukirudi utakuta bodi ni lako na sauti ni ya mwingine. Beringi yako nzima imehamia kwenye gari la shemeji yake, wewe umevalishwa ile iliyochoka, na juu yake unasema asante. Ndiyo maana kwetu mwenye gari huenda gereji na kigoda. Unakaa, unatazama. Ukitaka kwenda msalani unamwita mtu unayemwamini akukalie, na kama huna wa kumwamini, unajibana.

Kwa yule mzee tuliyemwita Afande nilikaa na kigoda changu miaka mingi, kule Kibuli chini, upande wa kuteremkia reli. Mkononi nilikuwa nasuka vile vifuniko vya chakula vya rangi ambavyo sisi Wanubi tunavisuka. Watu walidhani nasuka. Nilikuwa nalinda.

Kilichonipeleka ni trekta. Marehemu mume wangu aliniachia trekta moja kuukuu, zamani lilikuwa jekundu, sasa rangi yake haina jina. Mvua zikikaribia linakwenda kulima mashamba ya watu nje ya mji. Kiangazi linavuta tela la mchanga na matofali huku kwetu Makindye, au linakata nyasi kwenye viwanja vya shule. Wajukuu wangu wanasoma kwa trekta hilo. Likilala, tumelala.

Afande hakushika kila kitu. Kazi yake ilikuwa vile vyuma vilivyo kati ya injini na gurudumu: klachi, giaboksi, difu, ekseli na beringi zake. Injini hakuitaka kabisa. Alisema injini ni mtu wa kujieleza, ikiumwa inakohoa, inatoa moshi, mtaa mzima unajua. "Mimi niko na wale wanaoficha," alisema.

Siku ya kwanza hakuniuliza trekta lina shida gani. Aliniuliza, "Nani amekuambia uje kwangu?" Nikamtajia jirani yangu mwenye lori. "Na yeye nani alimwambia?" Loo! Nikamwuliza kama anataka kutengeneza trekta au kuposa. Hakucheka. Alizunguka trekta mara kadhaa mikono nyuma, kama askari wa forodha anayekijua kilichomo mzigoni, kisha akasema "Kale", yaani haya kwa Kiganda. "Acha hapa. Lakini ukae."

Hilo la "ukae" ndilo lililonishtua. Fundi gani anataka mwenye mali amkalie? Halafu akaniambia kesho yake nije na rangi ya kucha, nitie alama kwenye kila chuma anachokitoa, mahali ninapopajua mimi tu. Nikaja na ile ya binti yangu, nyekundu kali, nikatia alama kwa ndani, kwa siri, moyoni nikisema: huyu ni mwizi wa kiwango cha juu, anakupa kufuli ulifunge ili usimshuku. Kila mara trekta lilipofunguliwa baadaye nilizitafuta alama zangu. Zilikuwepo. Sikufurahi hata kidogo, nilikereka. Mtu ukimshuku kwa miaka na asikupe sababu, unabaki na shaka lako mkononi kama shuka, huna pa kulitandika.

Hata hilo jina la Afande nililishuku. Watu walisema alitengeneza malori ya jeshi zamani. Mimi nimelelewa kambini, baba yangu alikuwa askari, Kiswahili chenyewe nilikinyonya huko kabla ya lugha nyingine yoyote. Askari namjua kwa anavyokula. Askari anakula kana kwamba sahani ina mwenyewe na yuko njiani kurudi. Afande alikula kikomando chake, chapati iliyokatwakatwa ndani ya maharagwe, kipande kimoja kimoja kama bibi harusi mbele ya wakwe. Siku moja nikamwuliza waziwazi, "Afande, wewe ulikuwa kikosi gani?"

"Kikosi ya kunyamaza," akajibu, akaendelea kutafuna.

Kiswahili chake kilikuwa kile cha hapa mjini. Ngeli hakuwa na habari nazo, na l na r katika baadhi ya maneno zilikuwa zimebadilishana viti: dereva kwake alikuwa deleva, na lori lilikuwa rori. Nikimsahihisha aliniambia niende nikafundishe shule, yeye yuko na kazi.

Sasa, kazi yenyewe. Watu wengi wakisikia trekta linaunguruma wanasema giaboksi imekufa, basi, fungua. Afande alilichukia neno hilo, giaboksi imekufa, kuliko matusi. Alisema kelele ni mgeni, unaikuta imekaa sebuleni lakini kitanda chake kiko nyumba nyingine. Kwa hiyo hakufungua kitu mpaka achunguze kwanza, na uchunguzi wake ulichosha kama kesi ya ardhi.

Alianza na oili. Aliimwaga kwenye sahani nyeupe ya bati, akaichezesha kwenye jua. Vumbi la kijivu likionekana alisema meno yanasagana, hiyo ni uzee. Ikimeta njano alisema shaba inalika, kuna bushi inakufa mahali. Akikuta kipande chenye kona, hata kidogo kama punje ya mchele uliovunjika, alikiweka kwenye karatasi, akauliza kila mtu alifanya nini na trekta lile wiki nzima. Kisha alipandisha gurudumu kwa jeki, akachora mstari wa chaki kwenye ekseli, akalichezesha gurudumu mbele na nyuma kwa mkono, kuona linatembea kiasi gani kabla meno hayajaumana. Mwisho alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye chuma na mpini sikioni, akafumba macho. Hapo hata wauza chai walinyamaza, maana ukiongea alikurushia tambara lenye grisi.

Nyuma ya gereji palikuwa na kamteremko. Akishuku zaidi alizima injini, akatoa gia, akaliachia trekta liteleze lenyewe polepole, yeye anatembea pembeni ameinamisha kichwa. Dereva mmoja wa matofali aliapa kwa watoto wake kwamba giaboksi ndiyo inayolia. Afande akaliteremsha trekta lake hivyo, gia imetolewa, injini imezimwa, na mlio ukateremka nao vilevile. Akamgeukia. "Giaboksi imelala. Sasa nani analia?" Ilikuwa difu. Yule dereva alikuwa anataka giaboksi ifunguliwe ili apate mapumziko ya wiki nzima, au ndivyo Afande alivyosema. Mimi nilidhani yule kijana alikuwa hajui tu. Lakini kwa Afande hapakuwa na kutojua, palikuwa na kuficha.

Madereva hasa ndio aliowasulubu. "Deleva ni shahidi ya uongo," alisema. Dereva akianza kueleza, Afande alinyoosha kiganja: nyamaza, ngoja chuma kiseme. Katika miaka yote niliyomkalia sikuwahi kumwona akilifuata neno la dereva.

Methali alikuwa nazo, lakini alizila nusu. Ukimwambia dalili ya mvua ni mawingu, anakwambia mawingu mengine ni moshi wa tanuri la matofali. Moja tu aliiheshimu, nayo ni kikulacho ki nguoni mwako. Alisema aliyeitunga alikuwa fundi wa giaboksi, kwa sababu chuma hakiliwi na barabara, kinaliwa na chuma jirani yake, ndugu yake wa tumbo moja, wanaoogelea oili moja.

Na mtu huyuhuyu, chai ambayo hakuiona ikimiminwa hakuinywa. Akienda kusali msikitini alirudi akazihesabu nati kwa macho. Akipewa noti aliinusa. Lakini sanduku lake la spana halikuwa na kufuli, na usiku lilibaki palepale gereji, wazi. Nikamwambia, "Afande, wewe unayemshuku mpaka paka, hili vipi?" Akasema, "Spana mwizi achukue. Atafanya nayo nini? Mkono yangu hawezi chukua." Nilifikiri sana siku hiyo kama ni hekima au ni kiburi. Nikaamua ni kiburi.

Kiburi alikuwa nacho, wallahi. Kuna siku aliinusa oili mpya niliyonunua, akasema ni ya kughushi, akaenda kumtukana yule mama muuza oili mbele ya wateja wake, soko zima limesimama. Mama wa watu akalia. Kesho yake ikaonekana oili ni nzuri kabisa, na kwamba Afande alikuwa na mafua, pua imeziba, hakuwa ananusa hata vitunguu. Unadhani aliomba radhi? Thubutu. Alianza tu kuwatuma wateja wote kwa mama yule, kwa sauti kubwa, "Oili nunua kwa yule!" Mama naye hakuwahi kumsalimia tena. Ningekuwa mimi nisingemsalimia vilevile.

Basi, la mwaka huu.

Dereva wangu anaitwa Bahati. Ni Mkongo wa upande wa Uvira, alikuja mkimbizi na mkewe, wamepanga chumba kwa jirani yangu Makindye. Ni mpole, anaimba kwaya kanisani kwao, na Kiswahili chake kina ladha yake, "iko nalala, iko nakula". Afande hakumpenda tangu mwanzo. "Mkongo anaongea tamu," aliniambia. "Mtu akiongea tamu, angalia mfuko." Nikamwambia na mimi Mnubi watu wanasema vivyo hivyo juu yangu, kwa hiyo aangalie na mfuko wangu. Akasema ameshauangalia.

Mvua zilikuwa zinanukia, wenye mashamba wameshaanza kunipigia simu wakiulizia zamu zao. Bahati alikuwa anakata nyasi upande wa Kyambogo. Akanipigia. "Mama, iko nalia. Nikiendelea itakatika. Mi nasimama hapa." Nikatafuta lori, likalivuta trekta mpaka Kibuli. Mimi nikapanda bodaboda na kigoda changu mapajani.

Getini Bahati aliruka chini, akamwendea Afande kwa heshima. "Papa, mbaya ni ile ya kulia," akasema. Neno hilo nililisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Na Afande, sijui nikuelezeje nilivyoshangaa, Afande akaitikia kwa kichwa, akachukua jeki, akaenda moja kwa moja gurudumu la kulia.

Hakumwaga oili kwenye sahani. Hakuchora chaki. Bisibisi haikukaribia sikio. Alianza kulegeza nati kama fundi yeyote wa barabarani mwenye haraka ya chakula cha mchana. Nikasogeza kigoda karibu, ukili ukanidondoka. Nikajisemea, leo ndiyo leo. Miaka yote nimemngoja huyu mzee ateleze, na leo anateleza mchana kweupe. Anataka kufungua pasipohitajika ili kazi iwe kubwa, maana anajua mvua zinakuja na sina pa kukimbilia.

Alifungua mpaka ndani. Mafundi wenzake wakasogea kutazama. Meno ya gia yalikuwa safi, beringi inazunguka kimya, oili imejaa mpaka mdomoni. Upande wa kulia ulikuwa mzima kuliko mimi.

Afande alisimama pale akijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akazunguka kushoto, akafungua kizibo cha oili, akatia kidole. Kikatoka kikavu. Akakiinua juu ili kila mtu akione, akamgeukia Bahati.

"Deleva anajua hapa hakuna oili," akasema. "Ameuza. Beringi inaanza kufa, anaona. Anafanya nini? Ananituma kulia! Nifungue, nichoke, niseme mzima, nifunge. Kesho kushoto ikikatika, anasema ni fundi ameharibu." Mafundi wakaguna. Mmoja akashangaa kwa Kiganda, "Banange, Mkongo huyu!"

Hoja ilisimama wima, kila kipande kimekaa mahali pake, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Maisha yangu yote sijaona uongo wa dereva uliopangwa vizuri namna ile. Dereva akiiba oili husema haijui oili, hakutumi upande mwingine.

"Hajati," Afande akaniambia, "mpeleke polisi. Ama mimi hii trekta sishiki tena."

Uso wa Bahati ukawa wa rangi ya majivu. Mkimbizi akishaandikwa mwizi polisi, kila ofisi anayoingia inamfungia, na karatasi zake zinaanza kuangaliwa upya, na mke na watoto pamoja naye. Alijua hivyo, na sisi tulijua kwamba anajua. Akanigeukia. "Mama, mi sikuiba. Mi nilisema ile ya kulia. Nilisema mbele yako!"

"Ya kulia nimefungua!" Afande akafoka. "Ni mzima!"

"Hapana, Papa, ya kulia haujafungua!"

"Hii ni nini? Macho huna?"

"Hii si ya kulia!"

Wakaenda hivyo, mmoja anapiga gurudumu la kulia, mwingine anakataa, mpaka watu wakaanza kucheka. Wakasema Mkongo amechanganyikiwa kwa hofu. Lakini mimi nilimtazama usoni. Mtu anayeficha hukwepa, huyu alikuwa anasogea mbele. Kitu kikanigonga kichwani. Nikaweka ukili chini.

"Bahati, nyoosha mkono wa kulia."

Akaitazama mikono yake yote miwili, akanitazama mimi, macho yamemtoka kama nimemtukana. "Mama, mkono gani unalia?"

Gereji nzima ikaangua kicheko. Nikawaambia wanyamaze, na sauti niliyotumia ilikuwa ya baba yangu kambini. Nikamshika Bahati mkono ule wa kulia, huu anaolia nao ugali. "Huu je? Kwenu huu unaitwaje?"

"Huu? Huu ni wa kuume," akasema. "Kuume na kushoto."

Nikakaa kigodani. Kuume! Kwao hakuna mkono wa kulia. Kwao kulia ni kulia tu, kutoa machozi, kupiga kelele. Alikuwa amemwambia fundi, mbaya ni ile inayolia. Na sisi wote, mimi wa kwanza, tulisikia upande.

Bahati alishaelewa. Hakungoja mtu. Alilipandisha gurudumu la kushoto kwa jeki, akalishika kwa mikono miwili, akalizungusha. "Hii, Papa! Hii njo ya kulia!"

Likalia. Wallahi lililia, mlio mkali wa chuma kikavu, wa kukutia ganzi ya meno. Mwuza chai ng'ambo ya uzio aligeuka. Mafundi walikunja nyuso. Na chini ya kifuniko cha breki, gurudumu likizunguka, oili ilianza kudondoka, nzito, nyeusi. Niligusa, nikaisugua vidoleni kama nilivyomwona Afande akifanya miaka yote. Oili haikuuzwa. Sili, ule mpira wa kuizuia, ilikatika, oili ikawa inaingia kwenye breki. Wiki iliyotangulia Bahati alinilalamikia kwamba breki ya kushoto inateleza.

Nikainua macho nimwone Afande anasemaje. Hakuwa analitazama gurudumu. Alikuwa anatutazama sisi usoni, mmoja baada ya mwingine, upesi upesi, anasoma.

Gurudumu likasimama, mlio ukakoma, na uso wake haukubadilika. "Zungusha," akasema. Bahati akazungusha tena, likalia tena, mimi nikaziba masikio. Afande aliangalia mikono yangu masikioni. Halafu akaweka kiganja chake kwenye chuma cha ekseli, akakibakisha pale, na hapo ndipo uso ulipobadilika.

Nikaelewa yote kwa mpigo. Nikaelewa kwa nini hakutia bisibisi sikioni, kwa nini hakuliteremsha trekta, kwa nini mtu ambaye hakuwahi kumwamini dereva mwaka hata mmoja alilishika neno la dereva la kwanza akalikimbilia. Miaka yote nilitaka kumkamata. Nilikuwa nimemkamata, na nilitamani nisingekuwa pale.

Angeweza kunyamaza. Angesema Mkongo aseme Kiswahili cha watu, mafundi wangecheka, mambo yakaisha, na hakuna ambaye angejua ila mimi. Nami nisingesema. Lakini wale mafundi walikuwa bado wanamtazama Bahati kwa jicho la pembeni. Mmoja alikuwa ananong'ona kwamba hata hivyo, Mkongo ni Mkongo, oili ya kuingia kwenye breki inaweza kusaidiwa na spana. Afande hakusikia maneno, lakini mdomo aliuona. Ule mdomo ulikuwa wa kwake, ndivyo alivyowafundisha kusema.

Akavua kofia.

"Sikilizeni," akasema, na sauti ilitoka kubwa kupita kiasi, kama ya mtu aliye ndani ya nyumba nyingine. "Deleva hakudanganya. Deleva alisema vizuri. Mimi sikusikia. Si leo tu. Chuma sisikii tena. Tangu mwaka jana. Nilikuwa nashika kwa mkono, naangalia watu. Leo trekta ilikuja imevutwa, imezimwa, haitetemeki, mkono hakuniambia kitu. Nikachukua neno ya deleva kwa sababu sikuwa na kingine."

Katika gereji ile kusema vile ni kuvua ovaroli mbele za watu. Nilimwonea huruma, na hasira pia nilikuwa nayo, maana alikuwa tayari kumtupa mtu polisi ili asiulizwe kuhusu masikio yake. Vyote viwili nilikuwa navyo, na mpaka leo ninavyo.

Akamwendea Bahati. Nilidhani atampa mkono. Hakumpa. Alisimama karibu naye kabisa, akamtazama midomo.

"Unaisikia wapi?" akamwuliza. "Chini ama juu?"

Bahati alikuwa bado anajipangusa macho kwa mkono wa shati. Alinitazama mimi, kama anaomba ruhusa ya kukasirika. Ilikuwa haki yake. Alikaa hivyo, gurudumu mkononi, mpaka nikadhani atatupa kila kitu aondoke, na ningemwelewa. Kisha akainama, akasogeza mdomo kwenye sikio la yule mzee, akapaza sauti kama anamwita mtu ng'ambo ya barabara.

"Chini, Papa! Karibu na ekseli! Nizungushe tena?"

"Zungusha," Afande akasema. "Mimi nafungua. Wewe uniambie ikinyamaza."